Hukumu Ifundishe Umekaa

Kabla sijafungua kinywa, huyo mwenye spika aizime. Ahsante, mwanangu. Nimefundisha dini hapa Kibiti tangu nikiwa na meno yote, sikuwahi kushika spika, na watu wa ng'ambo ya barabara walinisikia vizuri tu. Tena waliokuwa wakinisikiliza kwa makini kuliko wote hawakuwa hata Wakristo.

Nimewaona tangu asubuhi, ninyi makatekista wapya, mnavyopanga masomo yenu. Gharika, Sodoma, mapigo ya Misri. Mmeyabeba kama watu wanaokwenda kupigana. Polepole, wanangu. Nami niliyabeba hivyo hivyo, na aliyenipokonya silaha alikuwa bibi mmoja wa Kindengereko anayesuka mkeka.

Nilifika Kibiti kumfuata mume wangu, Mungu amrehemu, fundi wa pampu za maji aliyehamishwa kutoka Songea. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni tuliyozoea kuipangia foleni sasa ilitufuata mlangoni, mitumba imemwagwa kila gulio, redio kaseti zinashindana kibanda kwa kibanda. Upande wa pili mashirika ya umma yalikuwa yanafunga milango. Mwanamume mwenye ufundi wake mikononi anarudi nyumbani asubuhi kweupe, anakaa kibarazani, na hana pa kwenda kesho. Kigango chetu kilikuwa cha watu wa kuja: walimu, wauguzi, mafundi, tumejibana kwenye banda la makuti lenye madirisha matupu. Wenyeji wetu ni Waislamu, Wandengereko na Wamatumbi. Na kwa kuwa babu zetu Wangoni walipita huku na mikuki, sisi na wao ni watani. Mtu akikutukana barabarani, unamshukuru na kumwuliza hali ya watoto.

Kibaraza cha Bibi Somoe kilitazamana na dirisha la banda letu. Alisuka mikeka ya ukindu pale tangu asubuhi mpaka jua lipunge, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Siku nilipofundisha habari za Nuhu kwa mara ya kwanza, nilisimama, nikapandisha sauti, nikawaeleza jinsi watu walivyozidi kwa uovu, na jinsi Mungu alivyofungua madirisha ya mbingu. Nikatua ili kitisho kiwaingie. Kutoka kibarazani nikasikia kicheko.

"Mngoni weye! Ati Mungu aliwakasirikia akawaletea maji?"

"Ndiyo, Bibi. Gharika."

"Lo! Sie huku akitukasirikia huyazuia."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikabaki na kidole hewani. Sikujua jambo hata moja la huku. Nimezaliwa milimani, kwetu maji yakija kwa wingi yanabeba udongo na mbuzi. Hapa mto Rufiji ukifurika mashamba ya bondeni yanapata rutuba, samaki wanaingia mpaka kwenye madimbwi ya mashamba, na maji yakishuka watu wanapanda mahindi kwenye ule unyevu, kilimo wanachokiita mlau. Mwaka ambao mto haukuvuka kingo zake ndio mwaka wa njaa. Hao ndio niliokuwa nawatisha kwa mafuriko.

Nikampelekea malalamiko Mwalimu Gama. Huyu ndiye katekista niliyemkuta, Mngoni mwenzangu, mzee mfupi mwenye sauti ndogo, na ndiye aliyenifundisha kazi. Nilitarajia anihurumie kwa kuchekwa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulifundisha umesimama?"

"Nilisimama, Mwalimu."

"Basi. Huruma ifundishe umesimama, wote wakuone. Hukumu ifundishe umekaa. Ukiisimamia, hutachelewa kujiona wewe ndiye hakimu."

Nilidhani anatania. Alipoondoka kurudi kwao kupumzika, aliniachia kigoda chake cha mninga, kimechakaa katikati kwa kukaliwa. Nikakiweka pembeni mwa altare, na kwa muda mrefu nilikitumia kuwekea chombo cha maji ya baraka. Mambo mengine huyaelewi mpaka yakufike.

Yalinifika kwa ajili ya Kosmas.

Kosmas alikuwa seremala katika karakana ya shirika moja ambalo sina haja ya kulitaja. Walipopunguzwa kazi, wenzake wengine walikimbilia Dar es Salaam kuuza mitumba. Yeye alisema mkewe Paulina ana ujauzito na hawezi kumpeleka kulala kwa watu. Akaomba shamba la mpunga bondeni, ng'ambo ya mto, kwa wenyeji. Wakampa, wakamwonyesha kujenga dungu, yaani kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, mtu analala juu na kulinda mpunga. Kujenga alijenga vizuri kuliko wao, seremala huyo. Mengine alikuwa mgeni kama mimi.

Sasa, mpunga una adui zake: nguruwe pori, viboko, ngedere. Hakuna hata mmoja anayeijua Dominika. Kosmas akawa haonekani kanisani wiki baada ya wiki. Na hapo ndipo Mzee Anselmi alipoanza kukereka.

Mzee Anselmi alikuwa mwenyekiti wa kigango. Msimdharau, alikuwa mtu mwema, aliezeka lile banda kwa mikono yake. Lakini alikuwa na ulimi mkavu. Alimkuta Kosmas gulioni akamwambia mbele za watu, "Jumapili ya Bwana unaipa nguruwe. Iko siku mto utakuuliza." Kosmas akacheka tu, akanunua chumvi yake, akarudi bondeni.

Kwaresima ile mvua za bara zilinyesha kupita kiasi. Mto ukaja, na haukuja wa kawaida. Hata wenyeji wanaoyaombea maji walianza kutazamana. Pantoni ikasimama. Watu wa bondeni wakawa wanatoka na mitumbwi, familia kwa familia, kuku na magunia vichwani, na kila walipofika barabarani Paulina alikuwa pale, tumbo mbele, anauliza. Kosmas hayumo. Mwisho akatokea mzee mmoja mvuvi, akamwangalia lile tumbo, akajaribu kunyamaza. Paulina akamng'ang'ania. Ndipo akasema ameuona mtumbwi wa Kosmas ukipita na mkondo, umebinuka, hauna mtu.

Nilimshika Paulina njia nzima mpaka nyumbani kwake. Hakulia. Aliniuliza neno moja, nalo ndilo lililoninyima usingizi: "Mama Katekista, ni kweli Mungu amemuua kwa sababu ya zile Jumapili?"

Sikia hapo, wanangu. Hakuniuliza kama mumewe amekufa. Aliniuliza nani amemuua. Nikajua ameshayasikia maneno ya Mzee Anselmi, na kwamba nikijibu vibaya nitampokonya mume na Mungu kwa mara moja.

Nikamwambia, "Sijui kama amekufa. Hilo lingine sina ruhusa ya kulisema, wala mwenzangu yeyote." Jibu dogo lile!

Jumamosi Mzee Anselmi akaja kwangu. Padre alikuwa amekwama na gari lake kwenye matope huko njiani, ibada ya kesho ni yangu. Akasema, "Kesho tumwombee kama marehemu. Na somo liwe Gharika. Vijana waone."

"Waone nini, mzee?"

"Kwamba Mungu hachezewi."

Nikamwambia nitaifundisha Gharika. Hakujua kwamba hata mimi sijui nitaifundishaje.

Asubuhi banda lilijaa. Paulina alikaa benchi la mbele, amejitanda kanga mpaka puani. Kupitia dirishani nilimwona Bibi Somoe na mkeka wake, lakini vidole havikusogea. Nikasoma somo. Nikafunga kitabu, nikaangalia wale watu. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu Gama. Nikaondoa chombo cha maji ya baraka, nikakibeba kile kigoda, nikakiweka mbele ya benchi la Paulina, nikakaa. Magoti yangu na yake yakawa karibu kugusana.

Nikasema hivi. Kwamba katika habari hii watu waliangamia, na sitaificha, kwa sababu Mungu huona uovu na hautendei kana kwamba haupo. Ila mwangalieni Nuhu. Mvua yote ile inanyesha, watu wanazama, na Maandiko hayatupi neno hata moja kutoka kinywani mwake. Hatoi kichwa dirishani kusema, fulani yule, nilimwonya. Anafungiwa ndani na wanyama, anawalisha, ananyamaza. Na habari inageuka pale inaposema kwamba Mungu alimkumbuka Nuhu na vyote vilivyokuwa naye, ndipo maji yakaanza kupungua. Anayekumbuka ni Mungu. Anayehukumu ni huyo huyo. Sisi wengine tuko safinani, kazi yetu ni kulisha.

Nikawakumbusha pia rafiki zake Ayubu. Walipomwona katika mateso walikaa naye chini kimya, wakafanya vizuri sana. Walipoanza kumweleza kwa nini yamempata ndipo walipoharibu, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao.

Mzee Anselmi akainuka. "Mwalimu, unawaficha watu ukweli."

"Kaa, mzee wangu."

"Sikai. Kama hakuna hukumu, tunafunga Kwaresima ya nini?"

"Hukumu ipo," nikamwambia, "na itaanza na mimi ninayefundisha. Ndiyo maana nimekaa."

Hakukaa. Alisimama hivyo hivyo mpaka baraka ya mwisho. Nilitoka mle nikiwa sijui kama nimejenga au nimebomoa. Msije mkadhani mtu akisema maneno mazuri mambo yananyooka palepale. Paulina alikwenda nyumbani na kanga yake puani vilevile.

Kesho yake Mzee Anselmi akawaongoza watu kwenda kuanza matanga. Alipeleka turubai, akaita waimbaji. Nia yake ilikuwa njema, tusimsingizie. Mjane hakai peke yake. Tulipofika tukakuta njia imezibwa. Bibi Somoe ameketi kizingitini, na nyuma yake mashangazi wa Kindengereko wamejaa ukumbi mzima kama wenye nyumba. Na kichwani Bibi Somoe amevaa pama ya Kosmas, ile kofia ya Jumapili aliyokuwa ameiacha msumarini.

Kwa wale waliokulia mjini: msibani mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza anavyotembea, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna wa kumnunia. Tuliijua mila hiyo, ila sikuwahi kuiona ikitumiwa kuzuia msiba usianze.

Bibi Somoe akainuka, akaanza kutembea. Wallahi alikuwa Kosmas mtupu! Kile kifua mbele, mikono inapepea, halafu anasimama na kugonga mwimo wa mlango kwa kidole kama fundi anayekagua mbao. "Nani kapiga mlango huu? Umepinda! Na nyie mnalilia nani? Mie Kosmas nipo bondeni nakula, mnanipunguzia riziki yangu kwa machozi."

Ndani nikasikia sauti. Ni Paulina anacheka. Akacheka mpaka kicheko kikakatika, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, analia na kucheka vyote pamoja, na mashangazi wakamkumbatia.

Mzee Anselmi alikasirika mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Bibi, mtu amekufa!"

"Umemwona?" Bibi Somoe akavua pama. Sauti ya mzaha ikaisha. "Nisikilize, Mngoni. Mie nimezaliwa bondeni, juu ya dungu. Kwetu aliyechukuliwa na mto haliliwi mpaka maji yashuke. Mto una mambo yake. Unamtoa mtu hapa unamweka pale. Nyie mmemfisha mwenzenu kabla mto haujasema. Haya, turubai lenu rudisheni."

Tukarudisha. Mzee Anselmi mwenyewe alilikunja. Lakini sufuria zilibaki. Watani walipika, sisi tukachota maji, tukakaa na Paulina siku zile bila mtu kumweleza chochote. Maji yalipoanza kushuka Bibi Somoe akamtuma mwanawe Mbwana na mtumbwi aende akatazame. Mimi nilisali, lakini niwaambie kweli, nilisali kama mtu anayeogopa jibu.

Walirudi mchana. Kwanza tuliona watoto wanakimbia wanapiga kelele. Halafu Mbwana. Halafu nyuma yake, kifua mbele, mikono inapepea, Kosmas! Tena amenenepa! Naapa amenenepa, mashavu yamejaa, begani amebeba mtungo wa kambale wa kukausha kwa moshi. Sisi huku tumekonda kwa ajili yake.

Paulina hakuweza kuinuka. Kosmas akaja akapiga magoti pale mkekani, akamwekea mkono tumboni, wakabaki hivyo. Mimi nilijikuta nimekaa chini mavumbini, nalia kama mtoto, nasema "Ahsante, Mungu, ahsante" mpaka sauti ikaniishia. Mzigo ulionitoka siku ile! Mpaka leo nikikumbuka napumua vizuri.

Bibi Somoe peke yake ndiye aliyekumbuka kazi yake. Alisimama mbele ya Kosmas na pama kichwani, mkono kiunoni. "Wewe nani? Kosmas ni mie. Rudi ulikotoka, nafasi imejazwa." Na kwa kumharibia msiba akamtoza faini ya kambale wote. Kosmas akamkabidhi.

Alitusimulia kilichompata, na wenyeji walicheka mpaka wakashikana. Usiku wa maji kuja alikuwa ameufunga mtumbwi kwenye nguzo ya dungu kwa kamba fupi, fundo kali la kiseremala. Mndengereko hufunga kamba ndefu na fundo la kufunguka, maji yakipanda mtumbwi unapanda nayo. Wa Kosmas ulivutwa chini ukajaa maji, ukabinuka, na mwisho kamba ikakatika ukaenda zake. Akabaki juu hana chombo. Wazee wawili wa dungu la jirani, mume na mke, walimfuata na mtumbwi wao na kumchukua. Mtumbwi wao mdogo, mkondo mkali, hawakuthubutu kuvuka kuja huku. Wakakaa wote watatu juu ya dungu la wazee, na maji yakawaletea kambale mpaka chini ya sakafu. Wanatupa ndoano wakiwa wamekaa kitandani.

"Mama Katekista," Kosmas aliniambia, "maji yaliyotaka kuniua ndiyo yaliyonilisha."

Mzee Anselmi alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya nyumba. Kosmas alipomwona akamwendea, akamwamkia kama kawaida, "Shikamoo, mzee." Yule mzee alimkumbatia, akamganda, mabega yanamtikisika. Jioni alinifuata kwangu. Nilijua mwanawe alikuwa ameondoka kwenda mjini kuuza mitumba na hajaleta habari muda mrefu, ila hakuwahi kumtaja. Akasema, "Nilitaka iwe na sababu, Mwalimu. Kama Kosmas alizama kwa kuacha kanisa, basi mwanangu aliyelelewa kanisani yuko salama. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilimpa chai tukanywa, tukamwombea yule kijana wake kwa jina.

Wanangu, kazi hii ina ufundi wake, na ufundi mwingi hauko vitabuni. Msifundishe hukumu mmeshiba kupita kiasi. Msiifundishe siku mmegombana na mtu aliyeko darasani. Mkikutana na mwenye msiba, lisheni kwanza. Na mahali popote mnapokwenda, ulizeni wenyeji maji kwao ni nini, kabla hamjafika kwa Nuhu.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu, Kwaresima nyingine ilikuja na somo la Gharika, na sauti yangu ilikuwa imekauka kwa mafua. Nikamwomba Mzee Anselmi anishikie nafasi. Alikuwa amezeeka sana, anatembelea fimbo. Benchi la mbele alikaa Kosmas, Paulina, na binti yao aliyekuwa keshafikia umri wa komunyo. Kibarazani kwake Bibi Somoe aliacha kusuka mkeka, akasikiliza.

Mzee Anselmi alisoma somo mpaka mwisho. Akafunga kitabu, akawatazama watu. Banda zima likamsubiri. Ndipo akageuka, akaondoa chombo cha maji ya baraka, akavuta kile kigoda, akakaa.